Jibu: Pamba nyeupe kwenye mipaini, Mufindi
Mkuu, umeuliza kama hiyo pamba nyeupe kwenye mipaini yako ni ukungu au wadudu. Kwa ulivyoieleza, naona ni wadudu, vidukari, wale wadogo wanaofyonza utomvu wa mti. Kata tawi changa, fungua sindano (yale majani membamba) pale zinapoanzia, kwangua pamba kwa ukucha. Chini yake utakuta vidudu vidogo vya kahawia vimeng'ang'ania gome. Usikimbilie kupuliza dawa shamba zima, utatumia hela nyingi bure. Piga rangi miti 20 hivi iwe alama, kisha uirudie ileile kila mwezi, hasa kiangazi, ukiandika hali yake. Kama una misaipresi pia, ikague ndani karibu na shina. Vidukari wa misaipresi, walioonekana Malawi 1986 na Kenya 1990, hukausha matawi kuanzia ndani. Mwite afisa misitu mapema, na utuwekee picha ya karibu.