Kushusha blaindi za wima bila kuvunja ndoano wala kuharibu ukuta

Mkuu, umeuliza jinsi ya kushusha blaindi za wima za sebuleni kwa kuwa unahama nyumba ya kupanga, unataka kuondoka nazo, na mwenye nyumba anataka ukuta wake kama alivyokukabidhi. Kwa kazi hii huna haja ya kumwita fundi. Blaindi nyingi huharibika kwa mambo mawili: mtu anavuta kipande (ule ukanda mrefu unaoning'inia) kwenda chini kikiwa bado kimeshikwa na ndoano, au analazimisha reli ya juu itoke wakati klipu ya braketi, kile kishikio kinachoibeba, haijaachia. Fuata mpangilio huu: minyororo ya chini, vipande, kamba, reli, halafu braketi mwisho kabisa.

Na kwa wale wanaotaka kusafisha tu, reli msiiguse. Vipande hutolewa na kurudishwa peke yake, reli ikabaki pale pale juu. Kila ukiitoa bila sababu unazichosha klipu.

Andaa ngazi ya kukunja, bisibisi bapa na ya nyota, plaizi, kisu chenye makali, kadi ngumu ya plastiki (kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa sana), kipande cha kamba, tepu ya karatasi na mfuko mdogo wa skrubu. Kiti cha plastiki usipandie, miguu yake hutanuka juu ya vigae. Funga dirisha kwanza, maana upepo ukiingia vipande hugongana na kukatika kwenye tundu la juu.

Ujue pia ukubwa wa kazi. Vipande vingi vya sokoni vina upana wa milimita 127 au 89. Dirisha la mita 2 huwa na vipande kama 18 vya milimita 127, au kama 26 vya milimita 89, kwa sababu kila kimoja hulalia jirani yake kidogo.

Sasa tandaza blaindi yote ienee dirisha zima, kisha vuta mnyororo wa shanga mpaka kila kipande kigeuze ubavu wake kwako, mwanga upite katikati. Hatua hii watu huiruka. Vipande vikiwa vimefungwa hufunikana, huoni ndoano imeshika wapi, na mkono hauna pa kupita.

Kama ni vya kitambaa, chini kuna mnyororo mdogo unaoviunganisha, mbele na nyuma. Utoe kwanza kwa kuusukuma ukiwa umeshika kizito cha chini, kimoja baada ya kingine. Ukitoa kipande kabla ya mnyororo, kitamvuta jirani yake na ndoano mbili zitavunjika kwa mpigo. Vizito vyenyewe ni vibao vilivyochomekwa kwenye mfuko wa pindo; vitoe ikiwa utafua au utasafirisha mbali.

Kutoa kipande chenyewe hutegemea aina. Cha kitambaa kina hanga ya plastiki juu yenye tundu. Shika hapo juu kabisa, karibu na reli, usishike katikati ya kitambaa. Kisukume juu kama nusu sentimita mpaka tundu livuke ncha ya ndoano, kiegemeze upande wenye uwazi, kisha kishushe. Cha plastiki ngumu kina tundu lililotobolewa kwenye kipande chenyewe, na ndoano imekibana pande mbili. Hapa ndipo kadi inapofanya kazi: ipenyeze kutoka chini kati ya kipande na upande wa ndoano wenye kinundu, kinundu kitoke kwenye tundu, halafu shusha kadi na kipande pamoja. Ukivuta bila kadi, unachana ukingo mwembamba ulio juu ya tundu, na kipande hicho hakitaning'inia tena.

Kikichanika, usikitupe. Kama chini hakina pindo wala umbo maalum, kigeuze juu chini, utoboe tundu jipya kwa mashine ya kutobolea karatasi za faili. Pima umbali wa tundu kutoka ukingoni kwa kufuata kipande kizima, kwa sababu tofauti ndogo tu huonekana kipande kikishaning'inia. Vipo pia vibanio vidogo vinavyogundishwa juu ya kipande kama kiraka, vina tundu tayari.

Madirisha yanayopigwa jua la mchana yanahitaji upole zaidi. Jua huifanya plastiki iwe kavu kama ganda la yai, na ndoano iliyokuwa ikipinda miaka ya mwanzo sasa inakatika ikiguswa. Anza na kipande cha pembeni upime hali yake. Kama ndoano inalia "tek" kabla hujaisukuma, kadi itumike hata kwenye zile za kitambaa. Plastiki ikiwa inatoa unga unga mkononi, ipanguse kwa kitambaa kibichi, usifagie unga huo ukiwa mkavu. Mwaka 1996 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya kuhusu blaindi ndogo za plastiki za mlalo zilizotoka nchi kadhaa, kwa kuwa plastiki yake ilitiwa madini ya risasi, na jua lilipoidhoofisha vumbi lenye risasi lilijitokeza juu yake. Zako ni za wima, lakini plastiki ya zamani isiyojulikana ilikotoka ni vyema kuishika kwa tahadhari hiyo hiyo, hasa penye watoto.

Weka alama nyuma ya kila kipande kwa tepu: 1, 2, 3, kutoka kushoto. Vinafanana, ila jua halivipigi sawa, na ukivichanganya ukutani utaona mistari ya rangi. Vya kitambaa vizungushe pamoja kwa ulegevu, usivikunje. Vya plastiki vilaze bapa, na usiviache juani ndani ya gari, vitapinda na havinyooki tena.

Kabla ya kugusa reli, angalia kamba na mnyororo vinaishia wapi. Mara nyingi kuna kishikizo kilichofungwa ukutani kuvizuia visining'inie ovyo, na kipo kwa ajili ya usalama wa watoto, kwani kitanzi cha kamba kinaweza kumnyonga mtoto. Fungua skrubu yake. Kamba usiikate kamwe. Imepita ndani ya reli yote na kupitia kila rola (kigari kidogo kinachobeba ndoano ndani ya reli), na kuirudisha ni kazi ndefu kuliko hii yote unayoifanya leo. Sogeza rola zote upande mmoja, kunja kamba na mnyororo, uvifunge kwenye reli.

Reli hushikwa na braketi zilizo darini au ukutani, na ziko za aina mbili. Ya kwanza ina kiulimi kinachozunguka: kisukume kwa kidole gumba au bisibisi bapa mpaka kigeuke robo mzunguko, reli inaachia. Ya pili ni klipu ya springi: chomeka bisibisi bapa kati ya mdomo wa klipu na ukingo wa reli, izungushe kidogo, ukingo mmoja utashuka, kisha utelezeshe reli itoke kwenye mdomo wa pili. Ikigoma, tafuta rangi. Wapaka rangi wengi hupitisha brashi juu ya braketi na kugandisha klipu. Kata rangi hiyo kwa kisu, usiongeze nguvu.

Reli ya aluminiamu si nzito, lakini hupinda kwa urahisi, na ikishapinda rola hukwama pale pale kila siku. Mkiwa wawili, mmoja kila ncha, fungueni braketi za katikati kwanza, halafu za mwisho kwa pamoja. Ukiwa peke yako, ifunge reli kwa kamba kwenye braketi ya ncha moja, kwa kulegea kidogo, ndipo uanze kuachia kutoka ncha hiyo kwenda nyingine huku mkono mmoja umeibeba. Reli inayozidi mita 2 na nusu usiifanye peke yako.

Braketi sasa. Pitisha kisu kuizunguka, ili rangi ya ukuta isibanduke pamoja nayo. Maeneo ya pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, skrubu hushika kutu kwa chumvi ya hewani. Dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, subiri robo saa, ukandamize bisibisi kwa uzito wa mkono kabla ya kuzungusha. Kichwa kikishakwanguka, weka kipande cha mpira mwembamba kati ya bisibisi na skrubu. Kama skrubu inazunguka pamoja na fisha yake (kile kiplastiki kilichochomekwa ukutani kuishika) bila kutoka, chomeka bisibisi bapa nyuma ya braketi uisukume nje taratibu huku unafungua.

Kwenye ukuta wa tofali, fisha hutolewa kwa kurudishia skrubu mizunguko michache na kuivuta na plaizi. Ikikataa, usishindane nayo: ikate sawa na ukuta au igonge iingie ndani kama milimita 4, uzibe juu yake. Kwenye dari ya jipsamu usivute kabisa. Fisha za jipsamu hutanuka upande wa juu, na ukizivuta zinatoka na bonge la dari.

Ziba kwa puti mara mbili. Puti hunywea ikikauka, kwa hiyo safu moja nene huacha shimo dogo katikati. Jaza, acha ikauke, jaza tena ivimbe kidogo, kisha msasa namba 180 mpaka mkono usihisi kitu. Usipake rangi nukta nukta: rangi mpya haifanani na ya zamani hata kopo likiwa na namba ile ile. Paka ukanda wote wa juu ya dirisha, kona hadi kona.

Ukifika nyumba mpya, ukishairudisha reli, huenda baadhi ya rola zikaelekea pembe tofauti na wenzake. Kabla ya kuning'iniza vipande, vuta mnyororo mpaka mwisho wa upande mmoja, endelea kuuvuta polepole. Kwenye reli nyingi rola zilizopotea hujipanga zenyewe. Inayobaki igeuze kwa vidole.

Kama braketi zako hazifanani na hizi mbili, piga picha kutoka chini, reli ikiwa bado ipo, uiweke hapa kabla hujachomeka bisibisi.