Viraka Bila Ramani: Majibu ya Maswali Yenu

Wiki hii najibu maswali mliyoniletea kuhusu mablanketi ya viraka yanayoshonwa kwa kufuata jicho, bila mchoro uliopangwa kabla.

Shikamoo mama. Fundi jirani ananipa mabaki ya vitenge bure, mfuko umejaa. Nikivitazama nachanganyikiwa. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Mkasi uache kwanza. Mwaga mfuko wote sakafuni, tenga vilivyokolea upande mmoja na vilivyopauka upande mwingine, kwa sababu jicho huona giza na mwanga kabla halijaona maua. Kitenge kina maua makubwa, na vitenge vitupu vikikaa pamoja vinapigana. Weka katikati yao kitambaa cha rangi moja, hata kipande cha shuka kuukuu, jicho lipate pa kupumzika.

Kisha shona viwili viwili, mshono wa robo inchi, piga pasi, halafu unga jozi kwa jozi. Kipande kikipungua, ongezea ukanda wa rangi nyingine, kikizidi, punguza. Ukanda huo uliouongeza kwa kukosa kitambaa mara nyingi ndio utakaoipa kazi uhai. Kila ukiunga, tundika ukutani, rudi nyuma, tazama, ndipo uchague kinachofuata.

Mume wangu anasema mistari yangu imepinda. Hii ni sanaa kweli, au ni kushindwa kupima?

Alabama, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, mahali mto Alabama unapopiga kona. Wengi wa wakazi wake ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba, na hadi leo wengi wanaitwa Pettway, jina la aliyewahi kuwa mwenye shamba. Wanawake wa huko walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 1972 ushirika wao wa ushonaji ulipata kazi ya kampuni ya maduka ya Sears: foronya za kodrai, kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya, zote sawasawa. Mabaki wakayabeba nyumbani, na huko kila mmoja akashona apendavyo.

Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Mwaka 2006 yakatoka kwenye stempu za posta ya Marekani.

Mistari yake imepinda! Tazama mtindo wanaouita paa la nyumba, mraba ndani ya mraba: ukanda wa kushoto mnene, wa kulia mwembamba, na bado kazi nzima imetulia, kwa sababu mshonaji ameongeza rangi kali upande mwembamba. Anayefanya hivyo anajua anachokifanya. Mwonyeshe mumeo picha zake.

Naweza kuchanganya kitenge, jinzi na satini?

Kitenge na jinzi nyepesi, ndiyo. Satini inateleza na kufumuka kingoni, ibandike kwanza kitambaa cha kugandisha kwa pasi. Nguo inayovutika iache kabisa.

Kipande chekundu kimetia rangi vingine. Nifanyeje safari ijayo?

Loweka kila kipande kilichokolea peke yake kwenye maji baridi, ukibadilisha maji hadi yabaki meupe. Chumvi na siki usizitegemee. Kisichoacha kutoa rangi usikishone.

Nina khanga za marehemu mama. Natamani kuzishonea blanketi ila naogopa kuzikata.

Pole sana. Huko huko Gee's Bend, mwaka 1942, Missouri Pettway alishona blanketi kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, apate kujifunika kwazo. Palipopauka pameachwa palivyo, na hapo ndipo unapomwona yule mtu. Kwa hiyo usitafute sehemu mpya mpya tu za khanga. Ile iliyofifia kwa kufungwa kiunoni ndiyo yake hasa.

Jina la khanga, yale maneno yaliyoandikwa, usilikate katikati. Toa ukanda wa mji wenye jina lote, ubakize nafasi ya mshono juu na chini, uanze nao, vingine vijengwe kuuzunguka. Khanga iliyofuliwa miaka mingi huchanika kwenye mshono, kwa hiyo itie kitambaa chepesi cha marekani kwa nyuma na upige bandi, mshono mrefu wa muda, kabla ya kuunga. Na kama doti bado imetimia, kata khanga moja, nyingine iache nzima.