Soma Nyuma ya Kopo Kabla ya Kumeza Vidonge vya Vitamini na Madini

Maandishi makubwa ya mbele ya kopo yapo kwa ajili ya kuuza. Ya kusoma ni yale madogo ya nyuma, maana uzito wa kidonge na uzito wa madini yaliyomo ni vitu viwili. Kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 hutoa takriban miligramu 65 tu za chuma. Cha feri glukoneti cha miligramu 300 hutoa 35 hivi. Kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 ni kalsiamu miligramu 500, na hicho ndicho kiasi ambacho mwili humudu vizuri kwa mkupuo mmoja. Aliyeandikiwa 1,000 azigawe mara mbili, amalize kula ndipo ameze.

Chuma ndicho kinachosumbua zaidi. Hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, kwa maji au juisi ya chungwa. Chai, kahawa, maziwa na kalsiamu hukizuia, hivyo weka nafasi ya saa mbili. Kichefuchefu kikizidi, meza na chakula kidogo, au muulize daktari kama unaweza kumeza siku moja na kuruka inayofuata. Si kubahatisha: dozi moja hupandisha homoni iitwayo hepsidini, ambayo hupunguza ufyonzaji kwa takriban siku nzima. Dozi ya pili ya siku hiyohiyo sehemu kubwa huishia chooni, na utumbo unaumia bure.

Choo kuwa cheusi ni kawaida. Kikiwa cheusi, cha kunata kama lami na chenye harufu kali, wahi hospitali, huenda unavuja damu ndani. Na tafadhali, uchovu peke yake si sababu ya kuanza chuma. Pima kwanza hemoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya chuma mwilini). Chuma kikirundikana huharibu ini. Kopo nalo lifungwe mbali na watoto, kwani vidonge vichache vya mtu mzima vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Vitamini A, D, E na K humezwa na mlo wenye mafuta, na ziada yake hubaki mwilini. Kwenye D, yuniti 40 ni mikrogramu 1. Mtu mzima asipitishe yuniti 4,000 kwa siku bila daktari. Mjamzito asizidishe mikrogramu 3,000 za retino, aina ya vitamini A, kwa siku, kwani zinaweza kulemaza mtoto tumboni. Wanaodhani vitamini zinazoyeyuka kwenye maji hazina madhara wajue kuwa B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu neva, na ganzi huanzia miguuni.

Kosa la kawaida ni kurundika: multivitamini, kidonge cha kinga na cha nywele, vyote vina zinki. Jumlisha. Zaidi ya miligramu 40 kwa siku, kwa muda mrefu, hupunguza shaba mwilini.

Anayetumia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, aitenganishe na chuma au kalsiamu kwa saa nne. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, imezwe saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baadaye. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse vitamini K bila kumwambia daktari wake. Vidonge vya nywele na kucha navyo huwa na biotini nyingi, aina ya vitamini B, inayoweza kupotosha vipimo vya tezi na vya moyo, kwa hiyo vitaje maabara kabla hujatolewa damu.