Walimu Wananificha Mambo, Nami Nimechoka

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya awali yenye walimu saba. Kabla ya kupewa nafasi hii mwaka jana nilikuwa mwalimu mwenzao, na tulishauriana kwa uhuru. Siku hizi nikiingia katika chumba cha walimu mazungumzo hukatika. Juzi mtoto alianguka akaumia kidogo, nami nikaja kuelezwa na mzazi. Tangu hapo ninakagua kila kitu mwenyewe, kuanzia maandalio ya masomo hadi ujumbe unaotumwa kwa wazazi. Ninarudi nyumbani usiku, usingizi hauji, na kazi niliyoipenda nimeanza kuichukia. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Nitaanza na yule mtoto aliyeumia, kwa kuwa naona ndipo penye kiini cha barua yako. Mwalimu anayenyamazia ajali ndogo mara nyingi anamjali mtoto vizuri tu, ila anaogopa yatakayompata akisema. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alionyesha mwaka 1999 kwamba wafanyakazi wanaoamini kuwa hawataaibishwa wakikiri kosa hujifunza zaidi kazini. Ukaguzi ulioongeza, ingawa nia yako ni njema, umewapa walimu sababu nyingine ya kuficha; nawe kwa kuona wanaficha, unazidi kukagua, na mzigo wote unabaki mabegani mwako.

Mwite mwalimu yule faraghani, umuulize ni nini kilichomzuia kukueleza, kisha umsikilize hadi mwisho bila kujitetea, hata akisema jambo litakalokuuma. Baadaye waahidi walimu wote kwamba hakuna atakayekaripiwa kwa kuleta taarifa mapema. Ahadi hiyo itapimwa siku ajali nyingine itakapotokea, kwani wote watakuwa wakitazama uso wako kabla ya kusikia maneno yako.

Sisemi uache kusimamia usalama. Kuhesabu watoto, kuwakabidhi kwa wazazi na kuandika kila ajali katika daftari la matukio ni taratibu zisizolegezwa, nazo hazimvunjii mtu heshima iwapo zinamhusu kila mmoja, wewe ukiwemo. Maandalio ya masomo na ujumbe wa kawaida kwa wazazi warudishie wenyewe. Kosa la tahajia likipita, lipite.

Kuhusu afya yako, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba msongo wa kazi wa muda mrefu usiposhughulikiwa huweza kumfanya mtu aishiwe nguvu, aichukie kazi yake na ajione hana ufanisi. Mawili ya kwanza umeyataja mwenyewe, kwa hiyo usiyachukulie kuwa udhaifu wa tabia. Usingizi ukiendelea kukukimbia, mwone daktari. Mwajiri wako naye ana wajibu hapa: alikupa madaraka juu ya wenzako wa jana, na ni haki yako kumwomba muda wa kazi za uongozi ndani ya saa za kazi, badala ya kuzifanya usiku.

Mtafute pia mwalimu mkuu wa shule nyingine mnayeweza kukutana mara kwa mara. Yapo mambo usiyoweza kumweleza mtu unayemsimamia, na kwa sasa naona huna pa kuyapeleka.