Jibu: .308 ao 6.5 Creedmoor kwa shabaha ya mita 1000

Yaya, umeuliza kule kwenye klabu ya Afrika ya Kusini ukamate bunduki ya .308 Winchester ao ya 6.5 Creedmoor (ni aina mbili za risasi), na mtutu wa urefu gani. Mimi nasema kamata 6.5, juu risasi yake ni ndefu na nyembamba, mupepo haiisukume sana, na ku mita 1000 ingali inakimbia kupita mwendo wa sauti, wakati .308 nyingi pale ziko karibu kushuka chini ya mwendo huo njo zinaanza kuyumba. Tena 6.5 haipige bega sana.

Mtutu inchi 24 inatosha, ukipunguza inchi moja unapoteza kama mita 6 ao 8 kwa segonde, ni mwendo tu unapungua, usahihi hapana. Ila mtutu ya 6.5 inachakaa mbio kuliko ya .308, kama utafyatua kila wikendi weka makuta ya ingine pembeni.