Mashine ya kukata nyasi ikichemsha, fungua kava kwanza

Ilikuwa hivi kila nikikata nyasi: nusu saa ya kwanza mashine iko poa kabisa, halafu ikifika kama dakika ya 35 sauti inabadilika, nguvu inaisha, kwenye kimwinuko kidogo tu inalemewa, na harufu ya oili inayoungua inanipiga puani nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nikizima, ekzosi inapiga paa! Ukiona dalili hizi kwenye mashine yako ya kukata nyasi ya kukalia usijilazimishe kumalizia kile kipande kilichobaki, hiyo injini inachemsha, zima kisu kwanza ipumue kidogo bila mzigo halafu zima injini yenyewe.

Mimi nilikimbilia oili kama wengi tunavyofanya. Nikamwaga ya zamani nikaweka mpya, siku ya pili yale yale. Nikaambiwa injini imechoka, tafuta nyingine. Nashukuru sikukubali haraka.

Kitu ambacho sikuwa nimekielewa ni kwamba injini nyingi za mashine hizi hazina rejeta wala maji, zinapozwa na hewa tu. Ile flaiwili juu, yaani lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ina mapanga kama ya feni, inavuta hewa kupitia kile kichujio cha matundu unachokiona ukifungua boneti, halafu lile kava la bati au plastiki linaisukuma hewa ishuke ipite kwenye mapezi ya silinda na hedi, yaani vile vibapa vyembamba vya chuma vinavyotoa joto nje. Sasa kichujio changu kilikuwa kisafi, nilikuwa nakifuta kila mara, ndo maana sikuwahi kuwaza kwamba tatizo liko chini yake.

Siku nikaamua, nikatoa waya za plagi, nikafungua boliti za kava, nikalinyanyua. Jamani! Silinda ya kushoto mapezi hayaonekani, nyasi kavu na vumbi na oili kidogo vimegandana pale kama mkeka, nikachokoa na kijiti kikatoka kipande kigumu chenye mistari ya mapezi kabisa kama kimetolewa kwenye kalibu, na nyuma yake kiota cha panya. Silinda ya kulia safi. Nikafungua plagi zote mbili nilinganishe, ya kulia ina rangi ya kahawia ya kawaida, ya kushoto ncha yake nyeupe kama jivu, yaani upande mmoja ulikuwa unaungua siku zote hizo na mwingine hauna habari. Kwa hiyo kama injini yako ni ya silinda mbili kagua zote, usiangalie moja ukaridhika.

Kusafisha subiri injini ipoe kabisa. Tumia kijiti, brashi ngumu, na kama una kompresa puliza kutoka ndani kuja nje, ukipuliza kutoka nje unazidi kuzishindilia nyasi ndani. Mashine ya maji ya presha weka mbali, maji yanaingia kwenye umeme na nyasi zilizolowa zinang'ang'ania zaidi. Na tafadhali, usimwagie maji injini ya moto hata ukiwa na haraka vipi, chuma kikipoa ghafla kinaweza kupasuka. Jingine ambalo watu wanalikosea sana ni kuacha kava wazi wakidhani ndo itapata hewa zaidi, hapana, bila kava hewa inatawanyika tu haifiki kwenye mapezi, lirudishe na boliti zake zote.

Halafu resi. Kukata nyasi kwa resi ndogo ili kuihurumia injini ni kuiumiza, maana feni imefungwa kwenye injini hiyo hiyo, ikizunguka polepole hewa inapungua na mzigo uko pale pale. Weka resi juu, punguza mwendo wa kutembea. Visu vikiwa butu au deki, lile bati linalofunika visu, ikijaa nyasi mbichi kwa chini, injini inafanya kazi mara mbili, noa na kwangua.

Oili bado ni muhimu, sisemi uidharau. Ipime mashine ikiwa sehemu tambarare, isipungue wala isizidi alama, na kitabu cha mashine kitakwambia ubadilishe kila baada ya masaa mangapi, nyingi ni kati ya 50 na 100.

Kuna vitu viwili vinajifanya kuchemsha wakati siyo. Injini ikizimika ikishapata moto, legeza kifuniko cha tenki, ukisikia hewa inavutwa fyuu na ikawaka papo hapo, basi katundu ka hewa kwenye kifuniko kameziba na mafuta hayashuki. Kama haikuwaka, toa plagi ikiwa bado moto uangalie cheche, ukikosa cheche halafu injini ikipoa zinarudi, hiyo ni koili, kile kifaa kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi.

Ukishasafisha yote hayo na bado inachemsha, au unasikia inagonga, hapo mpe fundi aangalie gasketi ya hedi, klirensi ya valvu (ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu), na kama kabureta inapitisha mafuta machache, maana mafuta yakizidiwa na hewa injini inapata moto kupita kiasi. Yangu haikufika huko. Sasa hivi nakata saa moja na nusu bila kusimama na ile harufu sijaisikia tena, ila kava nalifungua kila baada ya masaa 25 ya kazi, na nikikata nyasi kavu zenye vumbi silisubirii hata hayo.