Mvua imekata, sadaka nimetoa, na bado naogopa: je, sina imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chamwino, Dodoma. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Mahindi yalikauka Februari yakiwa ndiyo kwanza yametoa mbelewele, na huu ni msimu wa pili. Kwenye mkutano wa injili tuliambiwa tutoe sadaka ya kujimaliza, nikauza mbuzi wawili niliobaki nao, nikatoa. Hakuna kilichobadilika. Usiku silali kwa hofu, na dada mmoja wa kikundi cha maombi ananiambia hofu yangu ndiyo inayozuia baraka. Je, ni kweli sina imani? Na mvua zikianza, nipande tena?

JIBU: Amina, mama. Mbukwa, kwa salamu ya Kigogo, na pole sana. Pole ya mume, pole ya shamba, na pole ya hao mbuzi pia. Mbuzi wawili wa mjane ni sare za shule, ni dawa, ni chakula cha Januari wakati ghalani kumebaki vumbi.

Nianze na hofu. Marko anaandika kwamba kule Gethsemane Yesu "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika", akawaambia wanafunzi wake kuwa roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Kama hofu ni ushahidi wa kukosa imani, basi itabidi tuseme Mwana wa Mungu naye aliikosa usiku ule, na sidhani dada yetu atafika huko. Hofu ile Yesu aliipeleka kwa Baba jinsi ilivyo, akaomba kikombe kimwondokee, tena akataka rafiki zake wakeshe naye. (Walisinzia. Watu wa vikundi vya maombi tuna historia ndefu.)

Kuhusu sadaka nitasema wazi, hata kama baadhi ya watumishi wenzangu watanuna. Nadhani mlisomewa habari za mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, aliyempa Eliya mkate wa unga wake wa mwisho. Husomwa sana siku za namna hiyo, ila husomwa nusu. Eliya alikuwa na neno la Bwana kwa mama yule mmoja, kwa jina la mji wake. Kisha akabaki pale. Mstari wa 15 unasema mama, Eliya na nyumba yake walikula siku nyingi, kutoka pipa lile lile. Nabii alikaa ndani ya ukame pamoja na mjane, hakupokea unga akaondoka jioni. Sadaka yako Mungu aliiona, na moyo ulioitoa ni safi. Lakini hukununua mvua, wala Mungu hakudai bei ambayo wewe umeshindwa kuimalizia.

Wazee wa Ugogo, nchi hii ya Wagogo, wametuachia jina la njaa moja, Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka, yakachukua na wanaume kubeba mizigo ya vita. Mvua nazo zikakata, na mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua. Watu wengi sana walikufa. Nani atasimama juu ya makaburi yale aseme walipungukiwa imani? Njaa ile ilikuwa na sababu zake, na ukame wako una zake. Hofu ya mama asiyelala si mojawapo.

Sasa twende kwa Habakuki. Mimi huona ni kama kitabu chake kiliandikwa kisomwe Dodoma: "Maana mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda... na mashamba hayatatoa chakula, zizini hamtakuwa na kundi". Mizabibu, shamba, zizi. Ni kama amepita Hombolo, Bahi na kwako. Anahesabu kila kilichokosekana, hafichi hata kimoja, halafu anasema, "Walakini nitamfurahia Bwana." Hasemi mtini utachanua kesho. Na asisahau mtu kwamba huyu huyu alianza kitabu kwa kulalamika, "Ee Bwana, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Ile "walakini" ya sura ya tatu ina njia ndefu nyuma yake. Wewe huenda bado uko sura ya kwanza. Hiyo nayo ni Biblia, na anayeomba kutokea hapo anaomba kweli. Usiku usingizi ukikataa, soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kufurahisha, na bado kanisa linaiita sala.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Zaburi ya 126 inasema, "Wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha." Wahubiri tunakimbilia kelele za furaha. Lakini kwa nini mtu alie wakati anapanda? Wa mjini atadhani ni maneno ya wimbo tu. Wewe unajua: mbegu anayoitia ardhini ndiyo ambayo watoto wangeila jioni ile. Anapanda akilia, hangoji machozi yakauke kwanza.

Kwa hiyo panda, mama. Ila hapa natoka kidogo nje ya kazi yangu: usiweke shamba zima mahindi. Babu zetu hawakuwa wajinga kukaa na uwele na mtama katika nchi hii ya msimu mmoja wa mvua. Ongea na bwana shamba wa kata. Na Jumapili hii, ibada ikiisha, mwone mchungaji wa mtaa wako umweleze habari ya mbuzi na umwambie nyumbani kuna chakula cha siku ngapi. Mwambie siku kamili, usiseme "tunamshukuru Mungu".